CHETI CHA KIJANI KISIWE PAZIA LA KUFICHIA KISIMA

Katika pwani za Unguja, tangu Nungwi hadi Jambiani, na hata katika nyumba za wageni za Mji Mkongwe, umezuka mtindo wa hoteli kujipachika jina la "rafiki wa mazingira". Bango hupakwa rangi ya kijani, huchorwa kasa au jani la mnazi, na juu ya kitanda huwekwa kadi inayomsihi mgeni atumie taulo moja kwa siku mbili. Mgeni huridhika. Ofisa anayetafuta ukumbi wa semina naye huridhika. Hakuna anayeuliza ni nani aliyetoa sifa hizo. Mara nyingi mtoaji ni mwenye hoteli mwenyewe, na wazee walikwisha kusema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Lazima ieleweke kwamba si kila jani la kijani ni cheti. Ziko nembo ambazo hoteli hujitungia. Ziko nyingine zinazotolewa kwa kulipa ada ya uanachama tu. Na viko vyeti vya kweli, ambavyo hutolewa baada ya mkaguzi asiye na maslahi kufika mahali penyewe, kupekua hesabu za maji, umeme, taka na mishahara, kisha kuweka tarehe ya kurudi. Hata Baraza la Dunia la Utalii Endelevu, linalosimamia vigezo vya kimataifa vilivyotangazwa mwaka 2008, halikagui hoteli yoyote. Kazi yake ni kutambua viwango na kuidhinisha wale wanaokagua. Kwa hiyo hoteli inayojigamba kwamba "imethibitishwa" na Baraza hilo imekwisha kujifichua.

Kwa Unguja jambo hili si la mapambo. Sehemu kubwa ya maji ya kisiwa hutoka ardhini. Ni mvua iliyonywewa na mawe ya matumbawe, na karibu na pwani maji hayo matamu yameelea juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima cha kijiji huharibika kabla ya bwawa la kuogelea halijapungua. Ripoti ya mwaka 2012 ya shirika la Tourism Concern la Uingereza, iliyogusa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, ilionyesha kuwa kaya ya wenyeji ilitumia wastani wa lita 93.2 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilifikia lita 3,195. Mbele ya tarakimu hizo, kadi ya taulo ni mzaha.

Wala asije mtu akadai kwamba haiwezekani kufanya vingine. Kusini ya mji kiko kisiwa cha Chumbe, ambacho miamba yake ilihifadhiwa kisheria mwaka 1994. Banda zake saba za wageni hukinga mvua kwa mapaa yake, hupata umeme wa jua, na vyoo vyake havitumii maji. Wavuvi wa zamani walifunzwa kuwa walinzi wa miamba, na wanafunzi wa Zanzibar hupelekwa huko kusoma bahari wakiwa ndani yake. Mwaka 2000 Umoja wa Mataifa uliutunuku mradi huo tuzo ya Global 500. Lakini hata Chumbe isiaminiwe kwa jina. Iaminiwe kwa kuwa mambo hayo yanaonekana kwa macho.

Baadhi ya watu husema vyeti ni ghali. Hoja hiyo ina uzito. Nyumba ndogo ya wageni ya Jambiani, isiyo na bwawa wala mashine za kupoza hewa, hutumia maji kidogo kuliko jirani yake mkubwa, lakini haiwezi kumlipa mkaguzi wa kutoka Ulaya. Matokeo yake mwenye fedha hupata cheti na mwenye haki hukosa. Dawa yake si kuacha ukaguzi, bali kuwa na ukaguzi wa karibu. Kenya, jumuiya ya Ecotourism Kenya iliyoundwa mwaka 1996 ilianzisha mwaka 2002 mpango wake wa kupima hoteli na kambi kwa daraja za shaba, fedha na dhahabu. Kulikoni Zanzibar, iliyopokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, ingojee kupimwa na wengine?

Umoja wa Ulaya nao umepitisha sheria, mwaka 2024, inayopiga marufuku nembo za kujitungia zisizo na mfumo wa ukaguzi, na kuipa tarehe 27 Septemba 2026 kuanza kutumika. Sheria hiyo inamlinda mnunuzi wa Ulaya. Mwanamke wa Kiwengwa mwenye ndoo kichwani hakutajwa humo.

Watumishi wa serikali wanayo nguvu ambayo hawaitumii. Wizara na mashirika hulipia kumbi na vyumba kwa fedha ya umma, na fomu za zabuni huuliza bei, idadi ya viti na aina ya chai. Ziulize pia: cheti kimetolewa na nani, kinahusu jengo hili au kampuni nzima, kinakwisha lini, na mita ya kisima ilisoma lita ngapi mwezi uliopita. Walimu wanaopeleka wanafunzi ziara wadai kuonyeshwa mita hiyo, na darasa lifanye hesabu ya kugawa lita kwa vyumba hapo hapo, kabla ya soda kugawiwa.