Kodi za Bure

Vijana wanaziita kodi. Sisi tuliozoea kodi ya serikali na kodi ya nyumba tulishtuka mwanzoni, lakini wao hawazungumzi habari ya kulipa. Wanazungumza habari ya kupewa. Kodi yao ni msururu wa herufi na tarakimu ambao mtengenezaji wa mchezo wa simu huutoa bure. Mchezaji huuandika mahali palipotengwa, ndani ya mchezo au katika tovuti ya kampuni, hubonyeza, na papo hapo roboti yake hupata rangi mpya, silaha, au fedha za mchezoni. Huko kuandika huitwa kukomboa. Nimelipenda neno hilo, maana limesema kweli bila kukusudia. Mtu hakomboi ila kilichowekwa rehani.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na michezo. Tulicheza gololi mpaka magoti yakachubuka, na wazee wetu walicheza bao mpaka magharibi. Ninachokataa ni hilo neno bure.

Tuchukue mfano mmoja, Mech Arena, mchezo wa roboti za vita uliotolewa mwaka 2021 na kampuni ya Plarium ya Israel. Timu mbili hupambana, watano kwa watano au wawili kwa wawili, kwa dakika chache tu. Kuupakua hulipi kitu. Lakini roboti nzuri, silaha zake, na kuziongezea nguvu vyote vinataka Credits na A-Coins, ambazo ama utazichuma polepole kwa kucheza saa nyingi, ama utazinunua kwa fedha halisi. Sasa, ndugu msomaji, Plarium ilikuwa mali ya nani mchezo huo ulipotoka? Ilikuwa mali ya Aristocrat ya Australia, iliyoinunua mwaka 2017 kwa dola milioni 500. Na Aristocrat ni watengenezaji wa mashine za kamari tangu mwaka 1953. Mwaka 2025 Plarium iliuzwa tena, mara hii kwa kampuni ya MTG ya Sweden. Sisemi kwamba mchezo ni kamari kwa kuwa mwenye mali aliuza mashine za kamari. Nasema kwamba watu waliotumia zaidi ya nusu karne kujifunza namna ya kumbakiza mtu kitini hawakutoa dola milioni 500 kwa mapenzi ya roboti.

Elimu hiyo haikuanza jana. Mwaka 1957 Wamarekani wawili, Ferster na Skinner, walichapisha matokeo ya majaribio yao mengi juu ya njiwa wanaodonoa kitufe ili wapate punje. Njiwa anayepata punje kwa hesabu asiyoweza kuibashiri hudonoa sana, na hata punje zikikoma huchelewa kukata tamaa. Nazitazama hizo kodi namwona njiwa. Hutoka siku zisizojulikana. Hudumu muda mfupi. Kila mtu huitumia mara moja, na nyingine ni za wachezaji wapya tu. Kwa hiyo kijana huamka akitafuta, huambiwa muda umekwisha, hutafuta nyingine.

Mnakumbuka vocha za kukwangua? Zilikuwa nazo tarakimu zake, nasi tuliziingiza kwenye simu kwa uangalifu uleule. Lakini vocha ya shilingi 1,000 ulikwisha kuilipia dukani, ukajua umenunua nini, na ukimaliza kuzungumza mmeachana. Hii nyingine unapewa kwanza, halafu unalipa kwa bando, kwa usiku, na kwa kurudi kila siku. Tena unalipa kwa namna ambayo wengi hawaitazami: mchezo wa vita unataka watu uwanjani. Aliyenunua roboti ya bei hahitaji kushinda ukuta. Anahitaji wa kumshinda. Huyo wa kumshinda ni kijana wa kodi za bure.

Mpwa wangu ana miaka kumi na minne. Alikuwa amekwisha kupata kodi tatu za kweli, na kila moja ilimpa alichoahidiwa. Ya nne aliiona katika tovuti iliyodai kuzitengeneza, chagua kiasi utakacho. Ikamtaka athibitishe kwamba yeye ni mtu, si mashine; akaingiza namba ya simu ya mama yake. Ukaja ujumbe wenye tarakimu sita, akazinakili kama alivyoelekezwa. Kabla ya adhuhuri WhatsApp ya dada yangu, anayoitumia kuuzia vitenge, ilikuwa mikononi mwa watu asiowajua, nao wakawaandikia wateja wake kwa jina lake kuomba fedha za haraka. Wateja watatu wakatuma. Dada akaamua kuwarudishia, kwa sababu jina lililoomba lilikuwa lake.

Kila mtu niliyemsimulia aliwalaani wezi. Vyema, walaaniwe. Mimi nauliza ni nani aliyemfundisha mtoto kwamba ukiandika herufi zisizo na maana mahali fulani utapata mali. Mwizi hakuwa na haja ya kufundisha. Alikuta darasa limekwisha, mwanafunzi amefaulu mara tatu.

Wako watakaosema kwamba hata soda zilikuwa na zawadi chini ya kizibo. Ni kweli, na kizibo ukikifunua umemaliza, hakikukuita kesho. Hoja nzito zaidi aliniletea mpwa wangu mwenyewe. "Mjomba," aliniambia, "wenzangu baba zao wanawalipia. Mimi bila kodi nitapigwa tu." Nilikaa nayo hoja hiyo siku mbili, kwa kuwa ni hoja ya haki na mtoto hakuitunga ili kunishinda. Lakini nani aliyeweka roboti zenye nguvu nyuma ya pazia la fedha? Ni yuleyule anayegawa kodi. Amekunyima kwa mkono wa kulia, anakuonjesha kwa wa kushoto, nawe unamshukuru.

Ubelgiji mwaka 2018 ilitamka kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya michezo yanaweza kuhesabiwa kamari, na baadhi ya kampuni zikayaondoa huko. Kumbe inawezekana. Kodi za bure hazijaguswa, kwani fedha haionekani ikitoka mfukoni. Mimi ningetaka jambo dogo tu: kila kampuni iandike, juu ya kila kodi na katika kila ukurasa wa kuikombolea, kwamba zawadi yake haihitaji namba ya simu ya mtu wala tarakimu za ujumbe, na kwamba hakuna tovuti yoyote inayotengeneza kodi. Sentensi mbili. Wanaweza kutuonyesha roboti ikilipuka kwa rangi zote za moto. Sentensi mbili haziwashindi.

Nilimsomea mpwa wangu maneno hayo. Akayasikiliza kwa adabu, akasema ni kweli, mjomba. Kisha akaniuliza kama nina bando, kwa kuwa imetoka kodi mpya na inaisha saa sita usiku.