Kiswahili Kianzie Kwenye Seva

Bado wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kompyuta. Sisi wahandisi tulio ughaibuni tunasema: si kweli! Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na Waswidi, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Microsoft nao wanatoa kifurushi cha Kiswahili cha Office. Basi mbona makarani wetu bado wanasemeshwa Kiingereza na mashine zao?

Kosa liko kwenye mpango. Shirika lenye kompyuta 300 halipitishi CD meza kwa meza. Fundi huweka programu kwenye seva, huandika faili moja la maelekezo, kisha mtandao husambaza. Humo lugha ni mstari mmoja tu. Ukiandikwa mapema, hujaribiwa kwenye kompyuta 10 pamoja na mengine yote. Ukisahauliwa, kazi hurudiwa upya, na hakuna mkurugenzi atakayeidhinisha fedha hizo.

Watasema tafsiri haijakamilika na istilahi ni ngeni. Je, "hifadhi" ni gumu kuliko "save"? Neno huzoeleka kwa kutumiwa. Na anayetaka Kiingereza awekewe pia. Lugha mbili hukaa pamoja, mtumiaji akachagua.

Wahandisi wenzetu mnaoitwa nyumbani kupanga mitandao ya wizara na mashirika, ulizeni lugha kabla ya kuhesabu leseni. Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa huu tunajiandikia wenyewe.