Video isiyosimamishwa haifundishi

Kila mwaka, mwanzoni mwa Januari, Dunia hufika mahali inapokuwa karibu zaidi na Jua, kiasi cha kilomita milioni 147. Mwanzoni mwa Julai huwa mbali zaidi, kama kilomita milioni 152. Ni jambo lisilo na ubishi, limo vitabuni na limo kwenye video chungu nzima za intaneti. Kwa mwalimu wa Jiografia wa kidato cha kwanza hapa Muheza, kama nilivyo mimi, hakuna ukweli unaovuruga somo la majira kuliko huo.

Video nyingi za somo hili zimetengenezwa Marekani au Uingereza. Mtengenezaji anajua kosa la watoto wa kwao: wanadhani majira ya joto huja kwa sababu Dunia imelisogelea Jua. Kwa hiyo anawaambia haiwezekani, maana Januari ndipo tunapokuwa karibu na Jua, na huko nje theluji inaanguka. Mtoto wa Boston akisikia hivyo anashtuka na kuanza kufikiri upya. Mtoto wa Muheza akisikia maneno hayohayo anafurahi. Januari kwetu ni kaskazi, joto tupu mpaka usiku. Julai ni kusi, na asubuhi watoto huja shuleni wamevaa masweta. Kumbe Dunia ikiwa karibu tunatoka jasho, ikiwa mbali tunaona baridi! Video iliyotungwa kuondoa kosa imelikomelea misumari, tena kwa picha nzuri na sauti ya mtaalamu.

Haya siyabuni. Kijana mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono akaniambia, "Madam, si video yenyewe imesema Januari tuko karibu? Ndiyo maana kunakuwa na joto." Darasa zima likaitikia. Kwa ushahidi waliokuwa nao, walikuwa na kila sababu ya kuitikia.

Tangu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022 vigawiwe kwa walimu, mazungumzo yetu ya TEHAMA shuleni yamekuwa mazungumzo ya vifaa. Shule gani ina projekta, shule gani ina kompyuta, nani amepata kishikwambi na nani bado. Ni maswali ya haki, hasa kwa shule zetu za kata. Lakini liko swali kubwa zaidi ambalo sisikii likiulizwa kwenye vikao: video ikishawashwa, nani anafikiri darasani? Msimamo wangu ni kwamba video ina nafasi kubwa mbele ya wanafunzi, ila ni lazima ije kuhudumia swali ambalo mwalimu ameliandaa kabla, na mwalimu awe tayari kuisimamisha mara anapoona inafaa. Video inayoachwa itembee mwanzo hadi mwisho, huku mwalimu akisahihisha madaftari pembeni, inaburudisha watoto na kumaliza kipindi. Zaidi ya hapo haina kitu.

Jambo hili limechunguzwa. Derek Muller, mwenye chaneli ya sayansi ya Veritasium ambayo vijana wengi wanaijua, alipata shahada yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2008 kwa kuchunguza jinsi video zinavyofundisha Fizikia. Kundi moja la wanafunzi lilitazama maelezo safi, yaliyonyooka, bila kutaja makosa ya mtu yeyote. Kundi jingine lilitazama mazungumzo ambamo mawazo potofu yaliyozoeleka yanatolewa kwanza, kisha yanajadiliwa na kusahihishwa. Waliotazama maelezo safi walisifu kwamba yanaeleweka vizuri sana. Walipojaribiwa, walikuwa karibu palepale walipoanzia. Waliotazama majadiliano walilalamika kwamba yanachanganya, lakini alama zao zilipanda kweli. Maelezo mepesi humfanya mtu aone anachokijua tayari na kupita juu ya kile kinachopingana naye.

Ndiyo maana neno "nimeelewa" linanitia wasiwasi linapotoka mdomoni mwa mtoto aliyetoka kutazama video. Mzazi anayemwachia mwanawe simu jioni ili ajisomee anafanya jambo jema, lakini asiridhike na jibu hilo. Amwombe mtoto amweleze alichokiona, amchoree, aseme kingekuwaje kama hali ingekuwa tofauti. Mwaka 1987 ilitoka filamu ya elimu iitwayo A Private Universe, ambamo watu 23 wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiwemo wahitimu waliovaa majoho yao na wahadhiri, waliulizwa maswali kama hili la chanzo cha majira. Walioteleza ni 21. Hao ni watu waliofundishwa somo hilo kwa michoro bora kuliko yetu, na wakalifaulia mitihani.

Basi mimi hufanya hivi. Kabla ya kuwasha chochote, kila mwanafunzi anaandika kwenye daftari jibu la swali moja: kwa nini Januari kuna joto kuliko Julai? Anaandika kwa kalamu ya wino, ili asije akafuta baadaye. Kisha nawasha video nikiwa nimezima sauti. Watoto hawa wametoka darasa la saba wakiwa wamesomeshwa kwa Kiswahili, na Mmarekani anayezungumza kwa kasi hawaachii kitu zaidi ya muziki. Nasimulia mwenyewe, nikichanganya Kiswahili na Kiingereza cha mtihani. Dunia ikifika Januari nasimamisha picha. Nauliza: Moscow leo kukoje? Walioona theluji kwenye taarifa ya habari wanajibu. Sasa kama ukaribu na Jua ndio unaoleta joto, Moscow haiko kwenye Dunia hiihii?

Kimya kinachofuata ndicho ninachokitafuta, na hakuna mashine inayoweza kukileta bila mtu aliyejua swali la kuuliza.

Baada ya hapo naiweka video kando. Muheza haina shida ya machungwa. Kila kundi linapewa chungwa lililotobolewa kwa njiti ya mshikaki, limetiwa alama ya kalamu chini kidogo ya mstari wa katikati, na hapo ndipo kwetu. Tochi ya simu inakaa mezani kama Jua. Kazi yao ni kulizungusha chungwa kuizunguka tochi, njiti ikiwa imeinama, na ncha yake ielekee upande wa ubao muda wote. Hapo ndipo kila kitu kinapofichuka. Karibu kila kundi huanza kwa kuigeuza njiti kuelekea tochi kila wanapohama, maana ndivyo mkono unavyopenda kwenda. Mtoto akikumbushwa ubao uko wapi, anarudi, anazunguka tena polepole, halafu anaona mwenyewe mwanga ukihama kutoka nusu ya juu ya chungwa kwenda nusu ya chini. Walikuwa wameliona hilohilo kwenye video, limechorwa vizuri kuliko nilivyoweza mimi, lakini mikono yao ilikuwa haijabishana nalo.

Kwa haki ya yule kijana wa dawati la nyuma, hakukosea kila kitu. Ukaribu wa Januari huiongezea Dunia mwanga wa Jua kwa karibu asilimia 7 kulinganisha na Julai, na sisi tulio karibu na ikweta nyongeza hiyo inatugusa. Lakini inaipata Dunia nzima kwa wakati mmoja, kwa hiyo haiwezi kueleza kwa nini kusini kuwe na joto huku kaskazini kunaganda. Halafu kuna upepo. Kusi hutuletea hewa ya ubaridi kutoka kusini kule kwenye bahari, na kila mvuvi wa Tanga anajua tarehe zake bila kusoma Jiografia. Video ya Boston haitataja kusi hata siku moja. Vilevile haitawaambia watoto wasimike fimbo uwanjani mnamo saa sita na nusu mchana, waone kivuli kikilalia upande wa kusini mwezi Juni na upande wa kaskazini mwezi Desemba. Kwa watoto wa Ulaya kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini mwaka mzima.

Kuhusu urefu, nimeacha kubishana. Philip Guo na wenzake walichambua matukio milioni 6.9 ya watu kutazama video za masomo ya mtandaoni ya edX, wakachapisha matokeo yao mwaka 2014: hata video iwe ndefu kiasi gani, mtazamaji wa kawaida hakuvuka dakika sita. Kipindi chetu ni cha dakika 40. Dakika nne za video zikisimamishwa mara mbili zinatosha kabisa. Zinapakuliwa usiku mmoja kwa bando la mwalimu, zinakaa kwenye memori kadi, na umeme ukikatika kishikwambi kinaendelea. Majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado nayo hupakuliwa na kutumika bila intaneti, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Uwezo wa kutengeneza vya kwetu tunao. Katuni za Ubongo Kids zimekuwa zikitoka Dar es Salaam tangu 2014, zinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili na watoto wanazipenda. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba yake mtandaoni yenye vitabu vya kiada. Ninachokiomba ni video fupi za mada zile ambazo mtoto wa hapa ana kosa lake tofauti na la mtoto wa Ulaya. Walimu tunayajua makosa hayo, tunayasahihisha kila wiki kwenye madaftari. Tuulizwe.

Najua mwenzangu mwenye mikondo minne ya wanafunzi sabini na kitu atauliza muda wa kuandaa maswali ataupata wapi. Ni swali la kweli, na jibu lake haliko mikononi mwake peke yake. Linawahusu wakuu wa shule wanaopanga ratiba, na maofisa wanaoandaa semina za TEHAMA ambazo huishia kwenye namna ya kuunganisha waya. Semina moja ya walimu wa somo moja, waketi na video moja, wakubaliane isimamishwe wapi na kuulizwe nini, itatufaa kuliko vifaa vingine kumi.

Nanyi wathibiti ubora wa shule, mkija darasani mkakuta projekta inawaka, msiweke alama ya vema na kuondoka. Chukueni daftari la mtoto yeyote, mtazame aliandika nini kabla ya video na aliandika nini baada yake.