"Bikoni haionekani" maana yake nini?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na safari hii si uvivu wala stima kupotea. Kuna kosa nililifanya ndani ya programu yangu, nami nimeona heri nilieleze mwenyewe, maana nadhani wengi wetu tunaoandika programu kwa Kiswahili tunalifanya bila kujua.

Natengeneza programu ndogo ya simu inayosoma orodha ya bikoni kutoka kwenye ramani ya upimaji na kuieleza kwa Kiswahili. Nia yangu ni mwenye shamba wa Malindi au Kilifi aelewe karatasi anayopewa. Maktaba ya programu niliyoanzia imeandikwa Marekani, ambako wapimaji huita alama hizi "monument". Tafsiri ya mashine ikanipa "mnara wa kumbukumbu". Nilipomwonyesha mjomba wangu alicheka sana. "Mwanangu, mnara ni ule wa Vasco da Gama kule ufuoni. Mimi hapa nina jiwe tu."

Hilo nililirekebisha siku ileile. Nikaandika bikoni, neno ambalo kila mtu huku analijua. Kosa lililobaki lilikuwa kubwa zaidi, na halikumchekesha mtu.

Ramani zetu za upimaji zimejaa vifupisho vya Kiingereza. IPC ni pini ya chuma iliyosimikwa ndani ya saruji. IPCU ni pini ya namna hiyohiyo, ila imefukiwa chini ya ardhi. Sikuwa na neno la haraka la ile U ya mwisho, nikaandika: "Bikoni haionekani." Nikajipongeza. Si iko chini ya udongo? Basi haionekani!

Mjomba akaisoma skrini palepale shambani. Kona tatu: bikoni ipo. Kona ya nne, upande wa jirani: bikoni haionekani. Hakusema kitu. Kufika jioni, nyumbani maneno yalikuwa yameshageuka kuwa "bikoni imeng'olewa", na kabla ya Ijumaa jirani ambaye familia zetu zimezikana kwa miaka mingi alikuwa ameshaitwa mwizi wa mpaka.

Hilo si tusi dogo. Chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, kung'oa au kusogeza alama ya upimaji bila ruhusa ni kosa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 nayo inamtaka kila mwenye ardhi atunze ua, mawe na bikoni za mpaka wake. Kwa hiyo ukimwambia mtu ameng'oa bikoni, umemshtaki. Tena sisi wa mwambao tuna kidonda cha zamani. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka watu wa pwani wapeleke madai ya ardhi zao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi hawakupeleka madai, na wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota mahali walipozaliwa. Karatasi ya ardhi yenye lugha isiyoeleweka si jambo la mzaha huku.

Mpima alipokuja, alipima kutoka kona nyingine, akatia alama mchangani, akaomba jembe. Haukupita muda saruji ikagongwa. Pini ilikuwa ndani yake, mahali pake. Hakuna aliyeigusa.

Sasa maoni yangu. Neno "haionekani" linabeba angalau mambo matatu: bikoni imefukiwa kwa makusudi, bikoni imetafutwa isipatikane, bikoni imeondolewa. La kwanza linaeleza ilivyojengwa. La pili ni taarifa ya aliyekwenda kutafuta, na lazima lije na tarehe. La tatu linahitaji ushahidi, na programu ya simu haina ushahidi huo. Katika hifadhidata, aina ya bikoni na hali yake ni safu mbili tofauti. Mimi nilizichanganya kwa sababu Kiswahili changu cha haraka kilizichanganya, na kompyuta ikanitii kama kawaida yake.

Rafiki mmoja mwandishi wa programu aliniambia, "Achana na maneno, weka nukta kwenye ramani inatosha." Haitoshi. GPS ya simu mahali pa wazi hukosea kama mita 5, na ploti ya futi 50 kwa 100 ina upana wa mita 15 tu. Juu ya hayo, ramani nyingi za Kenya zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, wakati simu inatumia WGS84. Ukimwaga namba bila kuzigeuza, nukta inahama karibu mita 300, na hapo umeshafika shamba la watu wasiokujua. Hata sheria ya 2012 inasema kwamba, isipokuwa mipaka imeandikwa kwenye rejista kuwa maalumu, ramani huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Nukta haiwezi kumwambia mjomba achimbe. Neno linaweza.

Wengine watasema vifupisho ndivyo rasmi, tusiviguse. Nakubali nusu. IPCU ibaki ilivyo, maana mpima ataitafuta. Lakini chini yake tuandike Kiswahili kinachomwambia mwenye shamba afanye nini. Programu yangu sasa inasema hivi:

- Bikoni iko juu ya ardhi.
- Bikoni imefukiwa. Ipo chini, usiitafute juu.
- Bikoni ilitafutwa tarehe fulani, haikupatikana.
- Kona ya hesabu tu. Hapa hapajawekwa bikoni.

Neno "imeng'olewa" nimelifuta kabisa. Hilo aliseme mpima baada ya kuchimba, au msajili wa ardhi baada ya kusikiliza pande zote mbili.

Mjomba alikwenda kwa jirani kuomba radhi. Nilifuatana naye, maana neno lilikuwa langu. Tulipewa chai, lakini mazungumzo yalikuwa mafupi kuliko zamani. Hilo siwezi kulirekebisha kwa toleo jipya.

Basi, nyinyi wa Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja, bikoni iliyofukiwa mnaiitaje? Kama wazee wenu wana neno moja zuri kuliko sentensi yangu ndefu, niandikieni. Nitalitia kwenye programu.