Atomu tuonyeshwe, tusiikariri tu



Kila jioni kule nyumbani, chungu kikifurika, maji ya chumvi yanaangukia mbabula, na ule moto mdogo wa bluu juu ya makala unageuka manjano ghafula. Tunaona vile tangu utoto. Hakuna mtu aliyetuambia kama ile rangi ni somo la shimi.

Kalasini tunajifunza namna ingine. Tunaandika K, L, M. Tunaandika 2, 8, 18. Tunachora kiini katikati na elektroni zikizunguka kama dunia inavyozunguka jua. Kisha tunakariri mpaka siku ya egzamini ya Leta. Uliza mwenzako juu ya nini elektroni haikai kati ya ngazi mbili: atanyamaza. Hata sisi tulinyamaza. Dada mmoja wa kalasi yetu, mwenye akili kutupita, alihamia seksio ingine. Alisema shimi ni wimbo tu wa kukariri.

Na jibu liko ndani ya mbabula! Atomu ya sodiamu, ile ya ndani ya chumvi, iko na elektroni 11: mbili, nane, na moja ya mwisho. Joto la moto linaisukuma hii ya mwisho, inapanda ngazi ya juu. Haikawii kule. Inashuka, na nguvu iliyopokea inaitoa kama nuru. Kwa kuwa kimo kati ya zile ngazi mbili hakibadiliki, nuru nayo ni ile ile, manjano ya nanometa 589. Leta chumvi ya bahari, leta chumvi ya ziwa Katwe kule Uganda, rangi ni moja. Kama elektroni ingeweza kusimama popote, tungeona rangi zote zimechanganyika. Shaba iko na ngazi zake, njo maana moto wake ni kijani.

Niels Bohr alihesabu mambo haya kwa idrojeni mwaka 1913. Ngazi ya kwanza iko −13,6 eV, ya pili −3,4, ya tatu −1,5. Elektroni ikishuka toka ya tatu mpaka ya pili, inatoa 1,9 eV: nuru nyekundu. Ni hesabu ya kutoa tu, hata wadogo wa mwaka wa kwanza wanaiweza.

Wengine wanafananisha ngazi hizi na maporomoko yetu saba ya Boyoma. Mfano unapendeza, lakini maji yanapita katikati, kila mvuvi anayaona. Elektroni hatuikuti katikati hata kidogo. Na yale maduara ya ubaoni yanasaidia kuhesabu, basi. Tangu Schrödinger, mwaka 1926, wataalamu hawachori tena njia ya elektroni, wanahesabu ni wapi inaweza kupatikana. Tuambiwe hivyo wazi.

Tunajua Bwana Profesa atauliza: labo iko wapi? Hatuombi labo. Hatuombi hata alkoli, wakubwa wasije wakafikiri tunatafuta lotoko. Tunaomba jioni moja, giza likianza, nje chini ya baraza (ndani hapana, hewa ya makala inaua). Makala tutaleta sisi. Chumvi tutaomba jikoni, kijiko kimoja kinatosha. Yule dada naye tutamwita.