Gereji Si Bubu. Sisi Ndio Viziwi

Lugha ya kiutawala haikosi namna ya kumhukumu mtu kabla hajasikilizwa. Bandari isiyo na ofisi ya forodha huitwa bandari bubu. Baa isiyo na leseni ni baa bubu. Na fundi aliyeweka mashine yake ya kuchomelea chini ya mti, akafufua injini ambazo wenye karakana za vigae walikwisha kuzikatia tamaa, naye anaambiwa ana gereji bubu. Neno hili tumelizoea kiasi kwamba hatujiulizi tena limetungwa na nani na linamnufaisha nani. Katika makala haya nalipinga. Ninadai kwamba gereji hizi ni shule za uhandisi, kwamba taifa linalozifukuza mjini linafukuza maarifa yake lenyewe, na kwamba kinachohitajika si kuzionea huruma bali kuzipa haki.

Nichukue mfano ulio karibu. Bulyaga ni kata ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Huku watu huhesabu miezi ya kiangazi, maana ndiyo michache. Barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Kasumulu, mpakani na Malawi, ni ya lami. Lakini ndizi, viazi, chai na parachichi havioti juu ya lami. Vinalimwa miinukoni na mabondeni, ambako mvua ya jioni moja hugeuza njia kuwa sabuni. Katika mazingira hayo gari linalovuta kwa magurudumu yote manne si pambo la mwenye nacho. Ni tofauti kati ya gunia linalofika sokoni na gunia linalooza njiani, na wakati mwingine kati ya mjamzito anayefika hospitali na asiyefika.

Nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu wa hapa kuna Land Rover Series III ya inchi 109, toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 1971. Aliinunua mnadani ikiwa haina betri wala matumaini. Wanunuzi wa chuma chakavu walimfuata zaidi ya mara moja na mizani yao. Hakuwauzia. Alimwita fundi wa mtaani, na kwa muda unaokaribia miaka miwili, kwa kadiri pensheni inavyoruhusu, wamekuwa wakiifufua gari hiyo pale pale nyumbani. Nimeifuatilia kazi hiyo kwa karibu, na ninaieleza kwa kina kwa makusudi, kwa sababu dharau hustawi pale ambapo kazi haijaelezwa.

Walianza na chesisi. Bodi ya Land Rover hizi, kwa sehemu kubwa, ni ya alumini na haishiki kutu. Chesisi ni ya chuma, na ndiyo inayokufa. Fundi aliigonga kwa nyundo kutoka mbele hadi nyuma huku akisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa kwa ndani hutoa sauti ya debe lenye matope. Palipooza alipakata, akachomelea bamba jipya, akapaka rangi ya kuzuia kutu na kuacha matundu ya kutolea maji. Kisha akaweka vipande vya mpira kila mahali ambapo alumini hugusana na chuma. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba metali hizo mbili zikikutana penye maji, alumini huliwa. Katika vyuo vyetu jambo hilo lina jina refu, na wanafunzi hulikariri kwa ajili ya mtihani. Yeye alilijifunza kwa kufumua magari ya Rungwe, ambako maji hayakosekani.

Hatua ya pili ilikuwa breki, na hapa ndipo nilipomheshimu zaidi. Mwenye gari alitaka injini ishughulikiwe kwanza, aisikie ikinguruma. Fundi alikataa kwa adabu: "Mwalimu, kwanza isimame, ndipo iende." Kutoka Tukuyu hadi Kyela, kwenye tambarare ya Ziwa Nyasa, barabara inashuka zaidi ya mita 1,000. Land Rover za enzi hizo zina breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne, na ngoma ikichemka katika mteremko mrefu, breki hulegea na kanyagio huzama mguuni. Kwa hiyo mabomba yote ya breki yalibadilishwa, kikaongezwa kifaa cha kuupa mguu nguvu, na magurudumu ya mbele yakawekewa breki za diski. Maboresho hayo hayaonekani barabarani wala hayamfanyi jirani aone wivu. Kazi yake ni kuwafikisha watu salama.

Ndipo ikaja injini. Ile ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 ilikuwa imechoka, na unywaji wake wa mafuta haupatani na pensheni ya mwalimu. Ilipatikana injini ya dizeli ya Toyota, ambayo spea zake zinapatikana hata Tukuyu. Lakini injini ya Kijapani haioani hivi hivi na gia boksi ya Kiingereza. Lazima lichongwe bamba la kuziunganisha, na bamba hilo likipinda hata kidogo, beringi na shafti vitakatika kabla ya mwaka kwisha. Fundi alipima, akachora kwa penseli kwenye kadibodi, akasafiri na mchoro wake hadi Mbeya kwa mwenye mashine ya kukereza vyuma, akarudi na bamba lililokaa.

Sasa nawauliza wasomaji wangu: kama huo si uhandisi, uhandisi ni nini? Kutambua tatizo, kupima, kuchora, kuchagua malighafi, kupanga kipi kitangulie kwa kuzingatia usalama. Nimekutana na wahitimu wenye shahada ambao hawajawahi kufungua silinda hedi kwa mikono yao. Fundi huyu aliishia darasa la saba. Alipopeleka maombi ya kazi katika ofisi moja ya umma aliulizwa cheti. Hakuna aliyemuuliza anajua kufanya nini. Na wakati fulani alitakiwa ahame, kwa maelezo kwamba gereji bubu zinaharibu sura ya mji.

Wanaoona aibu juu ya sura hiyo ningependa wakumbuke gari wanalolistahi lilizaliwaje. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep kuukuu ya jeshi aliyoitumia katika shamba lake huko Anglesey, Wales. Iliposumbua, alijiuliza atatumia gari gani badala yake. Gari la kwanza la majaribio, mwaka 1947, lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep. Bodi ikawa ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa cha mgawo. Aprili 1948 gari hilo likaonyeshwa Amsterdam. Kwa maneno mengine, Land Rover ni mtoto wa mkulima aliyechoka na gari kuukuu, wa chesisi ya mwenzake na malighafi ya kuokoteza. Toyota nayo haikushuka kutoka mbinguni: katika miaka ya 1930 Kiichiro Toyoda na wenzake, watu wa kiwanda cha mashine za kufuma nguo, walifumua gari la Chevrolet kipande kwa kipande ili kujifunza. Wao walipofanya hivyo historia iliwaita waasisi. Sisi tukifanya hivyo tunaitwa bubu.

Wala si kweli kwamba hatuthamini magari haya. Tunayathamini pale yanapotuletea sifa. Oktoba 2024 jiji la Arusha liliandaa tamasha la Land Rover, na msafara wa magari yaliyotajwa kuzidi 1,000 ulipita barabarani kwa nia ya kuvunja rekodi ya Ujerumani ya magari 632, iliyowekwa mwaka 2018. Viongozi walihutubia, kamera zikapiga picha, utalii ukasifiwa. Lilikuwa jambo jema. Lakini nani aliyafanya magari hayo yafike siku hiyo yakiwa yanatembea? Mengi ni ya miongo iliyopita. Kiwanda cha Uingereza kiliacha kutengeneza Defender ya asili Januari 2016. Yaliyobaki yanaishi kwa mikono ya mafundi, wengi wao wakiwa wale wale wasio na kibao mlangoni. Tulishangilia mavuno, kisha siku ya pili tukamfukuza mkulima shambani.

Najua hoja za wanaonipinga, na baadhi zina uzito. Wanasema gari kuukuu linatoa moshi, kwamba injini iliyobadilishwa kienyeji ni hatari, kwamba wizi wa spea hujificha katika gereji zisizosajiliwa. Sikatai kwamba hatari zipo. Fundi mzembe akimwongezea mtu nguvu ya injini bila kumwongezea breki, amemchimbia kaburi. Lakini fuateni hoja hiyo hadi mwisho wake. Hatari huondolewa kwa ukaguzi. Kumfukuza fundi hakuiondoi. Kunaihamishia uchochoroni, ambako hakuna mkaguzi atakayeiona. Na kuhusu moshi, jibu limeshaanza kuonekana kwa jirani zetu: jijini Nairobi kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017 na sasa inaitwa Roam, iligeuza magari ya zamani ya utalii yakatumia umeme. Gari la kale linaweza kuwa mlango wa teknolojia mpya, ilimradi awepo mtu anayejua kulifungua na kulifunga.

Wengine watasema: kwa nini tusinunue mapya tu? Huo ndio ugonjwa wenyewe. Tumekuwa taifa la kununua. Mizengo Pinda, alipokuwa Waziri Mkuu, alikemea hadharani anasa ya mashangingi serikalini, na bado shangingi limebaki kipimo cha ukubwa wa mtu. Gari la umma likianza kusumbua hupelekwa mnadani, na bei yake huwa ndogo mno ukilinganisha na kilichotumika kulinunua. Katika kila mnada wa namna hiyo tunauza vitu viwili: chuma, na fursa ya kijana kujifunza kwa kukifumua. Cha pili hakiandikwi katika hesabu za mkaguzi yeyote.

Tulipata kuota ndoto kubwa. Kule Kibaha, chini ya jeshi, tulithubutu kuunda lori letu na kuliita Nyumbu. Naiheshimu ndoto hiyo. Lakini kiwanda kilicho juu huhitaji chini yake maelfu ya watu wanaojua kukereza, kuchomelea na kupima. Na watu hao tulikuwa nao, tukawaacha chini ya miti. Sisi wa vyuo vikuu tuna sehemu yetu katika lawama hii. Tunaandika maandiko kuhusu uchumi wa viwanda katika majengo ambayo fundi wa Bulyaga haruhusiwi kuingia isipokuwa amekuja kutengeneza gari la mhadhiri.

Nini kifanyike? Sitaki kuishia kwenye malalamiko. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Utaratibu huo umfuate fundi Bulyaga, Katumba na Lwangwa, umpime akiwa kazini na umpe cheti anachostahili. Halmashauri itenge eneo la gereji lenye maji, umeme na shimo la kukusanyia oili chafu, na ishirikiane na SIDO, shirika ambalo tangu mwaka 1973 limekuwepo kwa ajili ya watu wa namna hii. Kuwe na utaratibu ulio wazi na wa gharama nafuu wa kukagua gari lililofanyiwa mabadiliko ya injini, breki, chesisi na usukani, na kuingiza taarifa hizo katika kadi ya gari, ili mwenye gari halali asiishi kama mhalifu. Na kabla gari la umma halijapelekwa kwa wenye mizani, chuo cha ufundi cha wilaya kipewe nafasi ya kwanza ya kulichukua kwa ajili ya mafunzo.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wa nje. Yanahitaji madiwani wanaoweza kuuliza, katika kikao kijacho cha bajeti, ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya mafundi na ni ngapi kwa ajili ya kuwahamisha. Wenzangu wa Rungwe, muulizeni diwani wenu swali hilo kwa maandishi, na mtake jibu kwa maandishi. Land Rover ya mwalimu itatembea, na fundi wake amekwisha kuanza kumfundisha kijana wa pili. Kijana huyo anastahili kujua mapema kama mji wake utampa eneo na cheti, au barua ya kuhama.