Matunda ya barafu kwa mbwa: Salama yapi, sumu yapi

Msimu wa joto na msimu wa embe huja pamoja, na friza za nyumba nyingi hujaa vipande vya matunda na barafu za watoto. Mtoto akila, mbwa yuko mlangoni anasubiri chake. Je, apewe?

Jibu ni ndiyo, kwa masharti. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama binadamu. Hujipoza zaidi kwa kuhema huku ulimi ukiwa nje. Kipande cha tunda baridi humburudisha na kumwongezea maji kidogo.

Matunda yanayofaa ni tikiti maji, embe, papai, ndizi mbivu, nanasi na tufaha. Kabla ya kugandisha, osha, menya, kisha toa mbegu zote. Usimwachie mbwa kokwa la embe atafune, kwa sababu akilimeza linaweza kuziba utumbo na akahitaji upasuaji. Ganda la tikiti nalo ni gumu kwa tumbo lake, na moyo wa nanasi pia utupe.

Kata vipande vidogo. Kwa mbwa mdogo, ukubwa wa punje ya harage unatosha. Ukitoa kwenye friza, acha dakika chache vilainike, kwani tunda gumu kama jiwe linaweza kuvunja jino au kukwama kooni. Kumbuka pia kwamba baridi ya friza haiui vijidudu vyote, hivyo tunda lililoanza kuoza halifai hata likigandishwa.

Kiasi nacho kina mpaka. Madaktari wa mifugo hushauri vitafunwa vya pembeni visizidi asilimia 10 ya nishati anayokula mbwa kwa siku. Matunda yana sukari. Yakizidi, ataharisha na kunenepa. Mwenye mbwa anayeugua kisukari amuulize daktari kwanza.

Sasa tuje kwenye hatari. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo za mbwa, na kugandisha hakuondoi sumu hiyo. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2021, wataalamu wa sumu za wanyama wa shirika la ASPCA la Marekani walieleza kuwa kinachoshukiwa ni asidi ya tartariki. Asidi hiyo imo kwa wingi kwenye ukwaju pia. Kwa hiyo ile barafu ya ukwaju ambayo mtoto hamegea mbwa kwa upendo si ya kumpa hata kidogo.

Parachichi liepuke. Usimpe pia aiskrimu au mtindi uliogandishwa usio na sukari bila kusoma kibandiko: ukiona neno xylitol, weka mbali. Kiongeza utamu hicho hushusha sukari ya mbwa ghafla na kinaweza kuharibu ini.

Mbwa akila zabibu au ukwaju, usisubiri dalili. Kutapika na kulegea huweza kuanza ndani ya saa 24, na figo kufeli siku moja hadi tatu baadaye. Mpigie daktari wa mifugo mara moja, mweleze amekula nini, kiasi gani na saa ngapi. Usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi nayo ni sumu kwake.

Vilevile, tunda la barafu si dawa ya mbwa aliyezidiwa na joto. Ukimwona anahema kwa kasi, mate yamekuwa mazito na anayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida, mpepee, kisha mwahishe kwa daktari.

Wiki hii, kaa na watoto uwaoneshe matunda ambayo mbwa anaruhusiwa kula na ambayo haruhusiwi. Mara nyingi wao ndio wanaomlisha wewe ukiwa kazini.